Jua Chini ya Timba

Binti wa duka la vifaa vya ujenzi alinisukumia diski mbili juu ya kaunta, moja ya meno machache makubwa, nyingine ya meno mengi madogo, akaniuliza, "Ya kupasulia au ya kukatia, mama?" Jibu nililijua. Nimelijua tangu nina mapengo ya meno ya utoto. Ila nyuma ya duka kulikuwa na fundi aliyekuwa akijaribu msumeno wa umeme, na harufu ya mti mgumu ulioungua kidogo ilinifikia pale niliposimama, nami nikawa tena nimelala kifudifudi uani kwetu, shavu kwenye vumbi.

"Unakata mbao gani?" akauliza tena, safari hii kwa sauti ile ya kuongea na mtu mzima aliyechanganyikiwa.

"Mninga," nikasema. "Mnene. Kwa kukingama."

Akanisogezea ile ya meno mengi. Alikuwa sahihi. Nikalipa, nikatoka, nikaketi kwenye ngazi za duka la jirani, diski mapajani.

Diski ile ilikuwa ya msalaba wa baba. Tulimzika masika yaliyopita, tukamwekea msalaba wa mbao nyembamba ambazo mchwa walizianza hata kabla ya mvua kukatika. Nikasema sitakubali. Mtu aliyeishi kwa mbao hawezi kulala chini ya vibao vya kreti. Nikatafuta mninga mnene, nikampelekea fundi mmoja hapa Kahama, naye akaupapasa, akakuna kichwa, akaniambia nikanunue diski mpya, kwa sababu ile ya kwake ingeurarua mti vibaya. Hivyo ndivyo nilivyofika dukani. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijipeleka mwenyewe.

Nyinyi wa rika langu mliokulia pembeni mwa machimbo, upande wa Mwakitolyo na kwingineko, hamhitaji kuelezwa. Mnakumbuka makarasha yakisaga mawe tangu asubuhi hadi masikio yanazoea, na kaka zetu wakirudi weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Mnakumbuka tulivyokuwa tukicheza "duara" kwa kuchimba vishimo nyuma ya choo na kuviwekea vijiti ili visibomoke. Sisi tulicheza hivyo zaidi ya wengine, maana baba yetu alikuwa fundi wa matimba.

Duara, yaani shimo la dhahabu, halisimami lenyewe. Linashikiliwa na matimba, magogo mazito yanayosimamishwa na kulazwa huko chini ili udongo na mawe visiwaangukie watu. Watu wengi hudhani kazi ya timba ni unene. Baba alikuwa akicheka akisikia hivyo. Alisema timba linabeba kwa kichwa na miguu, tumbo ni la kujazia tu. Kichwa kikikatwa vizuri, bapa, kinakaa sawasawa na mzigo unatulia juu yake. Kikikatwa ovyo, kikawa na vinyuzi vilivyoraruka na upande mmoja umeinuka, mzigo wote unakaa kwenye sehemu ndogo kama kiganja cha mtoto, na timba linangoja siku ya kugeuka.

Kwa hiyo nyumbani kwetu msumeno haukuwa jambo la mzaha. Baba alikuwa nayo miwili. Wa kupasulia ulikuwa na meno makubwa yaliyosimama wima, kila moja patasi ndogo, na kazi yake ilikuwa kufuata urefu wa mti. Ukiukatisha nyuzi za mti mgumu, unazing'oa badala ya kuzikata. Wa kukatia ndio uliokuwa mpenzi wake. Meno yake yalikuwa madogo, yamenolewa kwa mshazari, moja linaelekea huku, la pili kule, kila jino kisu. Hata hivyo hayakuwa madogo mno. Kwa mti mnene na mgumu, alisema, meno madogo mno yanashiba unga na kuanza kuunguza. Yanataka nafasi ya kutemea. Aliyanoa kwa tupa kila jioni, jino moja moja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Kabla ya kukata alichora mstari kwa ncha ya kisu kuzunguka gogo lote, ili nyuzi za juu ziwe zimeshakatika kabla ya msumeno kuzigusa. Ukigusa mkato wake ulikuwa laini kiasi kwamba mama alitumia vipande vilivyobaki kukandia chapati.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu. Uani kulikuwa na bamba nene la chuma lililotoka kwenye karasha bovu, ambalo baba alilipima kwa maji ya kwenye chupa mpaka likalala sawasawa. Akimaliza kukata, alilisimamisha timba juu ya bamba, kichwa chini, upande wa mashariki kunakotoka jua. Mimi nililala kifudifudi upande wa pili, shavu kwenye vumbi, jicho moja nimelifumba.

"Mayu, jua linapita?"

Aliniita Mayu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kwetu mtoto wa namna hiyo huheshimiwa kidogo hata akiwa na makamasi. Kama chini ya timba palikuwa na mstari wa mwanga, nilisema linapita, na kuonyesha upande gani. Alilichonga, alilisimamisha tena, akauliza tena. Kama palikuwa giza tupu nilisema, "Halipiti, Baba." Basi. Alilibingirisha pembeni na kuchukua jingine. Hakuwahi kuja kuangalia mwenyewe.

Nilidhani nimepewa cheo. Nilidhani baba, kwa urefu wake na ukubwa wa jina lake, haoni vyema kulala kwenye vumbi, ndiyo maana amenichagua mimi kati ya watoto wote. Shuleni niliwaringia wenzangu kwamba baba hawezi kukata timba bila mimi. Ilikuwa kweli kabisa, ila sikujua kwa nini.

Kaka yangu Masanja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzaliwa. Aliacha shule akaingia duarani, akasema ni kwa muda tu. Alikuwa mtu wa vicheko, mwenye miguu mirefu, akipita mlangoni lazima agonge kichwa na lazima autukane mlango. Matimba ya baba ndiye aliyeyabeba kwenda shimoni, na yeye na wenzake ndio walioyasimamisha. Jioni alinikalisha mapajani na kunieleza mipango yake. "Siku nikipata jiwe langu mwenyewe, Mayu, unaliona hili shimo? Naligeuzia mgongo. Nafungua ufundi wa baiskeli pale njia panda. Wewe utakaa mbele unapokea wateja." Nilimwamini neno kwa neno. Nilichoelewa ni kwamba kaka yangu amefungwa shimoni na ufunguo wake ni jiwe.

Basi mimi nikalipata jiwe. Nililiokota kwenye korongo baada ya mvua, jeupe, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, lina vimetameta vya njano upande mmoja. Leo mtoto yeyote wa machimboni angekuambia hayo ni matakataka ya kung'aa. Hata wakati ule wapo watoto wangejua. Mimi nilikuwa binti wa fundi mbao, nilijua mambo ya mbao.

Kulipeleka karashani sikutaka, wangeninyang'anya. Kulipiga nyundo sikuthubutu, mlio ungesikika na vipande vingeruka. Nikafikiri kama binti wa fundi anavyofikiri. Kitu kigumu kinakatwa kwa msumeno wa kukatia. Nilishauona ukikata mti wa mtundu, mgumu kama chuma, nikaona jiwe nalo litasalimu amri, litatoa mkato laini, na dhahabu itaonekana katikati kama kiini cha yai. Mchana mmoja, baba ameenda kuchagua magogo na mama yuko shambani, nikaushusha msumeno ukutani. Nikalibana jiwe kwa miguu, nikakata.

Nilikata sana, nawaambia. Nilikata kwa mapenzi. Ulitoa mlio ambao mpaka leo nikisikia mtu anakwangua sufuria natoka chumbani. Jiwe lilipata mkwaruzo mmoja wa kijivu. Nilipougeuza msumeno kwenye mwanga, katikati yake, urefu wa shubiri nzima, meno yalikuwa yamekuwa butu na mviringo, mengine yamekatika kabisa. Nikaufuta kwa gauni, nikaurudisha kwenye msumari wake. Jiwe nikalitupa chooni. Nikanawa mikono, nikakaa kumngoja baba kama mtoto mwema.

Kesho yake asubuhi alikuja msimamizi wa duara la kina Masanja, mtu wa haraka aliyesalimia huku anaondoka. Mvua ya usiku ilikuwa imelilainisha shimo, udongo ulikuwa unadondoka, akataka matimba matano kabla ya saa sita. Baba akauchukua msumeno wake, akapitisha kidole gumba kwenye meno, kama kawaida yake. Kidole kilipofika katikati kikasimama.

Alikipitisha tena. Akauinua msumeno usoni, karibu kabisa na pua, akaushusha.

"Nimeyala kwa tupa," akasema taratibu. "Nimeyanoa mpaka nimeyala."

Masanja alikuwa amesimama mlangoni, kamba begani. "Yanoe tena, Baba."

"Haya ni kazi ya siku nzima. Na kwa haya..." Akaushusha ule mwingine, wa kupasulia.

"Huo utararua," alisema Masanja.

"Utararua. Lakini Mayu ataangalia."

Nilikuwa hapo. Nilisikia kila neno. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, mzima, na kilichotakiwa ni maneno matatu: ni mimi, Baba. Niliyasogeza mpaka kwenye meno, yakarudi. Niliogopa kuchapwa. Baba hakuwahi kunichapa hata mara moja, lakini hivyo ndivyo nilivyoogopa.

Alikata kwa shida. Msumeno ulikuwa ukiruka na kukwama, nyuzi zikang'oka ndefu pembeni, jasho likamtoka mpaka kwenye ndevu. Matimba manne aliyachonga na kuyarudia mpaka nikasema halipiti kwa haki. La tano lilikuwa nene kuliko yote. Jua lilikuwa limepanda, msimamizi alikuwa ameshatuma mtu mara mbili, na Masanja alikuwa akizungukazunguka uani. Baba akalisimamisha. Nikalala chini.

Palikuwa na mwanga, nao haukuwa mkubwa. Unene wa njiti ya kiberiti, kuanzia pembeni hadi karibu na katikati.

"Mayu, jua linapita?"

Nilijua nikisema linapita, atasema ngoja. Atakaa chini na tupa, atauchukua msumeno wake mzuri aujaribu tena, na safari hii ataupapasa jino kwa jino, ataona kwamba yamevunjika, na tupa haivunji jino. Hayo yote nilifikiri nikiwa nimelala pale, kwa muda wa kuvuta pumzi. Mtoto mjinga lakini mwenye hesabu zake.

"Halipiti, Baba."

"Wabeja, mayu wangu," akasema, asante ya kwetu, akalibingirisha kwa mguu. Masanja akalipandisha begani, akanikonyeza, akatoka, akagonga kichwa, akautukana mlango.

Lile timba la tano liligeuka siku ya tatu, mchana wa jua kali, shimo likawashukia. Wawili walikuwa juu zaidi wakaokoka, mmoja akiwa amevunjika mkono. Masanja walimtoa kesho yake. Sitaeleza alivyokuwa. Mama alieleza vya kutosha kwa kilio chake, na sauti ile ninayo, sina pa kuipeleka.

Msibani wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye vigogo. Wachimbaji wakaja na kipande cha lile timba, kichwa chake, wakakiweka mbele ya baba. Msimamizi naye alikuwepo. Baba hakukitazama. Alinyoosha mkono, akakosa, akanyoosha tena akakipata, akapitisha kidole gumba juu ya mkato. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nikaona kidole kinavyopanda mlima na kushuka. Ndipo nilipoelewa ule mkono uliokosa. Ndipo nilipoelewa msumeno ulioletwa mpaka puani, na kwa nini hakuwahi kuja kuangalia mwenyewe. Cheo changu kilikuwa kwamba baba yangu haoni.

"Ni macho yangu," aliwaambia. "Yana miaka yanapungua, nikawaficha, kwa sababu nani atachukua timba la kipofu? Nimeharibu msumeno wangu mwenyewe kwa tupa, nikakata kwa msumeno usiofaa. Nimemuua mwanangu."

Mtu mmoja akauliza, si kwa ubaya, "Na hapakuwa na wa kuangalia?"

"Msimguse mtoto," alisema baba. Sikuwahi kumsikia na sauti ile kabla wala baada. "Mtoto ni mtoto. Nilimtwisha kazi ya mtu mzima. Mkimwuliza kitu, mtakuwa mmeniuliza mimi."

Hakuna aliyeniuliza. Si siku ile, si mwaka ule. Laiti wangeniuliza! Nadhani ningesema. Nimejidanganya hivyo miaka yote, kwamba ningesema kama ningeulizwa.

Baba hakukata tena. Aliitundika misumeno yote miwili, akakaa. Mama akatulisha kwa jembe. Macho yakamalizika polepole, na watu wakaendelea kumwita Baba Masanja, maana kwetu jina la mtoto wa kwanza ukishapewa hulivui. Kila aliyepita njiani alimwamkia, "Mwangaluka, Baba Masanja," na kila mara niliona bega lake moja likishuka kidogo. Mimi nilikuwa ndani, nachambua mchele, namwacha abebe. Ningeweza kumpunguzia. Siyo msiba, msiba haupungui, lakini ile hatia ya tupa ilikuwa yangu. Alikuwa anajuta kunoa meno ambayo aliyanoa vizuri kabisa. Alikuwa fundi mwenye mikono mizima mpaka siku aliyoacha, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Nilikua, nikaja Kahama, nikawa fundi cherehani. Wateja wangu hunitania kwamba napima mara nne kitu cha kukatwa mara moja. Nacheka nao.

Wiki ya mwisho ya baba nilikuwa namuuguza. Alikuwa mwepesi, unaweza kumgeuza kwa mkono mmoja. Asubuhi moja aliomba nimletee msumeno wa kukatia. Nikamwekea kifuani. Kidole gumba kikatembea, kikafika kwenye ile shubiri, kikakaa hapo.

"Mayu."

"Naam, Baba."

"Lile timba la mwisho. Jua hukuliona?"

Tulikuwa wawili tu. Mama ameshatangulia, msimamizi sijui yuko wapi, shimo lenyewe lilishafukiwa na kuota miba. Aliyekataza nisiulizwe ndiye sasa aliyeniuliza. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, sina wa kuniogopesha duniani.

"Sikuliona, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa anachokijua.

"Hata mimi," alisema.

Alikufa siku ya tatu akiamini kwamba tulikuwa vipofu wawili.

Jana nimeipeleka diski kwa fundi. Akaifunga, akachora mstari kwa kisu kuzunguka mninga bila mimi kumwambia, na hilo lilinichoma. Msumeno ukapita ukiimba, mkato ukatoka laini, unang'aa. Akalisimamisha gogo kwenye sakafu yake ya saruji, akasema liko sawa. Nikamwomba alisogeze kuelekea mlangoni, upande wa jua. Nikavua viatu, nikalala kifudifudi na khanga yangu ya msiba, shavu kwenye maranda, jicho moja nimelifumba. Wateja wake wawili wakageuka kunitazama.

Niliangalia muda mrefu. Palikuwa giza tupu.

"Halipiti," nikasema.

"Una uhakika, dada?" akaniuliza.

Baba hakuwahi kuniuliza hivyo, hata siku moja. Nikainuka, nikajipangusa, nikamwambia fundi alale chini aangalie mwenyewe.